Aikoni hazirudi mahali pake: kutafuta chanzo pale mpangilio wa deskitopu unapogoma

Programu ya kuhifadhi mpangilio wa aikoni hufanya kazi ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani. DesktopOK, ReIcon, Desktop Restore na nyingine za ukoo huo hazipigi picha ya deskitopu yako. Huandika orodha: jina la aikoni, kisha nambari mbili, moja ya umbali kutoka kushoto na nyingine ya umbali kutoka juu, kwa pikseli. Ukibonyeza kitufe cha kurejesha, programu huisoma orodha hiyo, huitafuta aikoni yenye jina lile na kuiomba Windows iisogeze hadi mahali palipoandikwa. Hakuna uchawi zaidi ya huo.

Ndiyo maana mpangilio unapogoma, washukiwa ni watatu tu. Jina limebadilika, au nambari zile hazina tena maana ziliyokuwa nayo siku ya kuhifadhi, au aikoni zilirudi vizuri kabisa kisha kuna mwingine aliyezisogeza nyuma ya mgongo wako. Kabla ya kufuta programu na kutafuta nyingine, jiulize ni yupi kati ya hao. Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11, na majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye Windows ya Kiingereza kwa sababu ndiyo walio nayo wengi.

Kwanza, je, ni mpangilio kweli?

Malalamiko mengi ya "aikoni zangu zimevurugika" hayahusu mahali zilipo. Aikoni zikiwa nyeupe au zikionyesha picha isiyo yake, lililoharibika ni hifadhi ya picha za aikoni, yaani mafaili ya iconcache yaliyo ndani ya folda ya AppData\Local\Microsoft\Windows\Explorer, na programu ya mpangilio haiwezi kukusaidia hapo. Zikitoweka zote kwa mpigo, bofya kitufe cha kulia cha mausi palipo wazi, nenda View, uone kama "Show desktop icons" ina alama ya vema. Ikikosekana Recycle Bin au This PC peke yake, tazama "Desktop icon settings" kwenye mipangilio ya Themes. Zikiwa zimevimba au kusinyaa ghafla, huenda umezungusha gurudumu la mausi huku umeshika Ctrl bila kujua, zungusha kinyume.

Zikirejeshwa zinaruka na kujipanga safu kushoto

Huyu ni mshukiwa wa tatu, na ndiye rahisi kumkamata. Kwenye View kuna "Auto arrange icons". Ikiwa imewashwa, Windows hairuhusu aikoni kukaa popote isipokuwa kwenye foleni yake, kuanzia juu kushoto. Programu itazisogeza, Windows itazirudisha papo hapo, na wewe utaona kama hakuna kilichofanyika. Izime, kisha rejesha tena.

Chini yake ipo "Align icons to grid", nayo ina tabia tofauti. Haikatai kusogezwa kwa aikoni, ila huivuta hadi kwenye kijumba cha karibu. Kama ulihifadhi mpangilio ikiwa imezimwa na unaurejesha ikiwa imewashwa, aikoni zitarudi karibu na pake lakini si pake hasa, na mbili zilizokuwa zimekaribiana zinaweza kugombea kijumba kimoja, moja ikasukumwa pembeni. Chagua hali moja, ihifadhi upya, usiibadilishe.

Wakati mwingine vijumba vyenyewe ndivyo vimebadilika ukubwa. Nafasi kati ya aikoni huandikwa kwenye rejista (daftari la ndani ambamo Windows hutunza mipangilio yake, hufunguliwa kwa regedit), chini ya HKEY_CURRENT_USER\Control Panel\Desktop\WindowMetrics, katika thamani za IconSpacing na IconVerticalSpacing. Ya kawaida ni -1125, namba inayotisha kuitazama lakini maana yake ni pikseli 75 tu: gawanya kwa -15. Kuna programu za "kurembesha" Windows zinazochezea thamani hizi. Ukizikuta tofauti na hukuzibadilisha wewe, zirudishe, toka kwenye akaunti na uingie tena, ndipo urejeshe mpangilio.

Na ukiwa na Fences ya Stardock pamoja na programu nyingine ya mpangilio, zote zikijiendesha zenyewe, usitafute mchawi. Fences ina mfumo wake wa kupanga na kukumbuka. Acha moja tu ishike usukani.

Kila kompyuta ikiamka, aikoni zimehamia skrini nyingine

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi, kwa sababu tatizo halimo kwenye programu wala kwenye aikoni. Liko kwenye kebo na tabia ya skrini.

Skrini nyingi zilizounganishwa kwa kebo ya aina ya DisplayPort, zinapolala au kuzimwa kwa kitufe chake, hukata mawasiliano na kompyuta kabisa. Windows haioni skrini iliyolala. Inaona skrini iliyochomolewa. Inafanya ambalo ingefanya ungechomoa kebo kwa mkono: inahamishia vitu vyote kwenye skrini iliyobaki. Kama hakuna iliyobaki, inajitungia skrini ya kuwaziwa yenye vipimo vidogo na kubana kila kitu humo. Skrini ikiamka sekunde chache baadaye, aikoni tayari zimehama, na si lazima zirudi zilikotoka.

Jaribio lake ni jepesi. Panga aikoni, zima skrini kwa kitufe chake (kompyuta iendelee kuwaka), subiri kidogo, iwashe. Zikivurugika, umempata mhusika. Kama una skrini mbili, tega sikio pia: mlio ule ule wa kifaa kinachochomolewa ukisikika unapozima skrini moja, huo ni ushahidi wa kutosha.

Dawa hazifanani kwa kila mtu. Baadhi ya skrini zina menyu yake ya ndani yenye chaguo la usingizi mzito; ukilizima, skrini hulala bila kukata mawasiliano. Ukibadili kebo ukatumia HDMI, mara nyingi tatizo hupungua, ingawa si skrini zote za HDMI zenye adabu. Sasisha draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo. Vilevile unaweza kuiambia Windows isizime skrini mapema, jambo ambalo si suluhisho bali ni kulikwepa tatizo, lakini kwa mtu anayefanya kazi mchana kutwa linaweza kutosha.

Kwenye Windows 11, ndani ya mipangilio ya skrini chini ya "Multiple displays", kuna chaguo la "Remember window locations based on monitor connection". Liwashe, ila soma jina lake vizuri: linazungumzia madirisha. Usilitegemee kulinda aikoni.

Kinachobaki ni programu ya mpangilio, na hapa kuna kosa moja linalowagharimu wengi: kuwa na mpangilio mmoja tu uliohifadhiwa. Kompyuta mpakato inayotumika peke yake, kisha na skrini kubwa, kisha na projekta, ina deskitopu tatu tofauti. Hifadhi mpangilio kwa kila hali na uupe jina linaloeleweka: "peke-yake", "skrini-mbili", "projekta". DesktopOK iliundwa kwa kuzingatia hilo na huhifadhi mpangilio kwa kila kipimo cha skrini. Kwenye programu nyingine, jina zuri la faili linatosha.

Gemu linalojaza skrini nzima huleta dalili hiyo hiyo kwa njia nyingine. Likibadili vipimo vya skrini kwenda chini, kwa mfano kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, aikoni zilizokuwa kulia na chini hukosa pa kukaa na Windows huzisukuma ndani. Kwenye mipangilio ya gemu, liweke litumie vipimo vya skrini yako, au liendeshe kama dirisha lisilo na fremu.

Umejiunga kwa mbali, ukirudi kila kitu kimebanwa

Ukiingia kwenye kompyuta yako kwa Remote Desktop, deskitopu huchukua vipimo vya kifaa unachotumia kule ulipo. Kompyuta ya skrini kubwa ikifunguliwa kwenye kompyuta mpakato ndogo, aikoni hubanwa. Unaweza kuweka vipimo kwenye kichupo cha Display kabla ya kuunganisha, lakini haisaidii sana skrini ya ulipo ikiwa ndogo kuliko ya nyumbani. Ni rahisi zaidi kukubali kwamba zitavurugika na kuzirejesha ukirudi.

Hatari kubwa hapa ni kuhifadhi kwa kujiendesha. Programu kadhaa zinaweza kuhifadhi mpangilio kila baada ya muda fulani au kila unapozima kompyuta. Zikihifadhi ukiwa umejiunga kwa mbali, zinahifadhi vurugu. Ikiwa huandika juu ya faili lile lile, mpangilio mzuri umekwenda, na siku inayofuata programu itakurejeshea uharibifu kwa uaminifu kamili. Weka nakala moja uliyoihifadhi kwa mkono, nje ya folda inayotumiwa na mfumo wa kujiendesha, na uifanye faili la kusomwa tu.

Zote zimerudi, lakini zimesogea kwa kiasi kile kile

Ukiona aikoni zimeshika umbo la mpangilio wako ila zote zimeelea kulia, kushoto au zimetawanyika zaidi, mshukiwa ni wa pili: nambari zimebadilika maana.

Angalia kiwango cha ukuzaji. Pale Settings, System, Display, kipo kipengele cha Scale. Asilimia 100 ni nukta 96 kwa inchi, 125 ni 120, na 150 ni 144. Aikoni iliyohifadhiwa kwenye asilimia 100 na kurejeshwa kwenye 150 inapewa pikseli zile zile, lakini kila kitu kingine kimekua, na vijumba vya gridi navyo vimekua. Windows yenyewe ililijua hili zamani. Windows 7 iliandika nafasi za aikoni kwenye rejista kwa majina kama ItemPos1920x1080x96(1): upana, urefu, na mwishoni nukta kwa inchi, yaani orodha yake kwa kila hali. Nawe fanya hivyo. Hifadhi upya kila unapobadili ukuzaji.

La pili ni skrini kuu. Windows huhesabu kuanzia kona ya juu kushoto ya skrini uliyoiteua kuwa kuu. Skrini iliyoko kushoto kwa hiyo kuu hupewa nambari hasi. Ukibadili skrini kuu, au ukiburuta visanduku vya skrini kwenye mipangilio ili vifuatane upya, sifuri imehama na mpangilio wote umehama nayo. Rudisha skrini kuu ile ile na mfuatano ule ule kwanza, ndipo ubonyeze kurejesha. Hata kuteremka kidogo kwa kisanduku kimoja kwenye ule mchoro kunahesabika.

Aikoni chache tu ndizo zinazokaidi

Hapa mtafute mwenye jina lililobadilika. Programu nyingine hulinganisha aikoni kwa jina linaloonekana kwenye skrini, si kwa faili lenyewe. Ukiwasha kuonyeshwa kwa viambishi vya mafaili, "Ripoti" inakuwa "Ripoti.docx", na kwa programu hiyo hizo ni aikoni mbili tofauti. Ukibadili lugha ya Windows, Recycle Bin na This PC hubadilika majina pia. Zirudishe kama zilivyokuwa siku ya kuhifadhi, au hifadhi upya.

Kisha kuna majina pacha. Deskitopu unayoiona ni mchanganyiko wa folda mbili: yako, na ile ya wote iliyo C:\Users\Public\Desktop. Programu iliyosakinishwa kwa watumiaji wote huweka njia yake ya mkato kwenye ya wote. Ukiiwekea nyingine wewe mwenyewe, utakuwa na aikoni mbili zenye jina moja. Programu ya mpangilio huenda ikazichanganya au ikazipeleka zote sehemu moja. Futa mojawapo.

OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inastahili kutajwa peke yake. Ukiwa umewasha hifadhi ya folda ya Desktop humo, kompyuta zako mbili zitashirikiana mafaili ya deskitopu, na wengi hutarajia mpangilio nao ufuate. Haufuati. Mahali aikoni ilipo hakuandikwi kwenye folda ya Desktop bali kwenye rejista ya kila kompyuta. Zaidi ya hapo, faili likigongana kwenye kompyuta mbili, OneDrive hulihifadhi moja likiwa na jina la kompyuta limebandikwa mwishoni, na njia za mkato huzaliana zikawa "Microsoft Edge - Copy". Zote hizo ni aikoni ngeni zisizo kwenye orodha yako, nazo hukalia nafasi za wenyewe. Safisha pacha hizo kwanza.

Programu inasema imerejesha, lakini hakuna kilichosogea

Kama "Auto arrange icons" imezimwa na bado hakuna hata aikoni moja iliyotikisika, programu haijaifikia deskitopu kabisa.

Deskitopu ni orodha inayoonyeshwa na Explorer, sehemu ya Windows inayoendesha deskitopu na upau wa chini, na programu ya mpangilio huingia kwenye kumbukumbu ya Explorer ili kusoma na kubadili nafasi. Programu ya zamani ya biti 32 inayotumia njia hii hukwama mbele ya Explorer ya biti 64, kwa kuwa anwani za kumbukumbu zina upana tofauti. Windows 11 haina toleo la biti 32 hata kidogo, kwa hiyo ukiwa nayo pakua toleo la biti 64 la programu yako.

Programu za picha za usuli zinazotembea ni chanzo kingine. Ili zipitishe picha nyuma ya aikoni, huilazimisha Windows kupanga upya madirisha ya deskitopu, na programu ya mpangilio iliyozoea kuitafuta orodha ya aikoni chini ya dirisha la Progman haiikuti pale. Ifunge programu ya usuli, ujaribu tena. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka 2024, lilizua matatizo kwenye eneo hili hili hadi Microsoft ikazuia kwa muda sasisho hilo lisifike kwenye baadhi ya kompyuta zenye programu za namna hiyo. Kama mambo yalianza kuharibika baada ya sasisho kubwa, tafuta toleo jipya la programu yako ya mpangilio kabla ya kuhangaika na mengine.

La mwisho hapa ni akaunti. Ukiwa mtumiaji wa kawaida na ukaiendesha programu kwa nywila ya msimamizi, programu huendeshwa kwa jina la msimamizi, ikisoma rejista na mafaili yake, si yako. Programu hizi hazihitaji haki za msimamizi. Ziendeshe kawaida.

Na kama unatumia Desktop Restore kwenye Windows 11 ukaona amri zake hazipo kwenye menyu, bofya "Show more options" au bonyeza Shift na F10. Menyu mpya huficha nyongeza za zamani.

Kwa mkono inafanya kazi, kompyuta ikiwaka haifanyi

Programu imewahi mno. Imerejesha mpangilio wakati Explorer bado inapakia aikoni, au kabla skrini ya pili haijatambuliwa. Iondoe kwenye orodha ya kuanza na Windows, uiendeshe kupitia Task Scheduler, kipangaji cha kazi cha Windows: kichocheo kiwe "At log on", na kwenye "Delay task for" chagua sekunde 30. Zikiwa chache, ongeza. Amri ya kurejesha kimyakimya hutofautiana. Itafute kwenye msaada wa programu yako.

Kila ukiwasha upya, kazi ya jana imepotea

Explorer haiandiki nafasi ya aikoni kwenye rejista kila unapoisogeza. Huandika inapofunga vizuri, kama unapotoka kwenye akaunti. Umeme ukikatika au Explorer ikianguka, mpangilio wa mwisho hauna mahali ulipoandikwa. Kwa hiyo baada ya kupanga kwa uangalifu, toka kwenye akaunti na uingie tena.

Ukijua hilo unaweza kuhifadhi hata bila programu yoyote. Baada ya kutoka na kuingia, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) na uandike:

reg export "HKCU\Software\Microsoft\Windows\Shell\Bags\1\Desktop" "%USERPROFILE%\Documents\aikoni.reg"

Kurejesha kunahitaji mpangilio wa hatua. Ukiingiza faili hilo Explorer ikiwa hai, itakapofunga itaandika juu yake na kazi yako itakuwa bure. Kwa hiyo, ukiwa tayari ndani ya Command Prompt:

taskkill /f /im explorer.exe
reg import "%USERPROFILE%\Documents\aikoni.reg"
start explorer.exe

Hapa kuiua Explorer kwa nguvu ndiko kunakotakiwa, maana haipati nafasi ya kuandika chochote. Upau wa chini na deskitopu vitatoweka katikati ya zoezi, usishtuke. Ndiyo sababu ya kufungua Command Prompt mapema.

Ikiwa umepitia yote haya na bado inagoma, tengeneza akaunti mpya ya mtumiaji kwenye kompyuta hiyo hiyo, weka aikoni tatu tu mahali pa ajabu, hifadhi, zichanganye, rejesha. Zikirudi, tatizo limo kwenye akaunti yako ya zamani: rejista, OneDrive, au programu inayoanza nayo. Zisiporudi, lipo kwenye programu ya mpangilio, draiva au skrini, na huko ndiko kwa kuendelea kuchimba.